Maswali ya Wasomaji: "Kizuri kwa Umri Wake"

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipofungua sanduku lake la bati baada ya arobaini, tulikuta chini ya madaftari ya maandalio ya masomo nakala ya riwaya ya Rosa Mistika yenye mwaka 1971. Ilikuwa imevikwa gazeti. Baba ameandika jina lake kwa wino wa buluu ukurasa wa mwanzo, mgongo wa kitabu umepauka, jalada limeshikizwa kwa selotepu, na katikati ya kurasa kuna kipande cha gazeti kilichokunjwa. Kaka yangu anataka tukipeleke kwa fundi akibandike jalada jipya. Mtu mmoja anayenunua vitabu vya zamani alikiangalia kwa dakika mbili, akasema ni "kizuri kwa umri wake", akataja bei. Tutajuaje hali yake halisi kabla ya kuamua lolote?
Binti wa Mwalimu, Pasiansi, Mwanza

JIBU: Pole kwa msiba, dada, na tafadhali mzuie kaka yako asiende kwa fundi kwanza. Nitaeleza sababu yake mbele, lakini nianze na yule mnunuzi, kwa kuwa kauli yake ndiyo inayowaponza wengi. Kusema "kizuri kwa umri wake" kuna maana kwa babu anayepanda kilima cha Bugando bila fimbo. Kwa kitabu cha kukusanywa hakuna maana yoyote, kwa sababu hali ya kitabu hulinganishwa na hali aliyokuwa nayo siku kilipotoka kiwandani, na miaka iliyopita tangu siku hiyo haihesabiwi kuwa udhuru. Kitabu cha mwaka 1971 kilichochanika kimechanika sawasawa na cha mwaka jana kilichochanika. Umri unaweza kukifanya kiwe adimu, na uadimu unaweza kupandisha bei, lakini hayo ni mambo mawili tofauti, na mnunuzi anayeyachanganya mara nyingi anafanya hivyo kwa faida yake.

Wafanyabiashara wa vitabu vya zamani wana ngazi ya maneno wanayoitumia, iliyowekwa wazi mwaka 1949 na jarida moja la biashara hiyo nchini Marekani, na ambayo hadi leo inafuatwa kwa tofauti ndogo ndogo. Juu kabisa kuna nakala iliyo kama mpya, kisha safi kabisa, kisha nzuri sana, kisha nzuri, kisha ya wastani, na mwisho duni. Hapa kuna mtego ambao msomaji wa Kiswahili anauangukia haraka: katika ngazi hiyo "nzuri" ni neno la chini. Maana yake ni kitabu kilichotumika, kilichochakaa kwa kawaida, ila kurasa zake zote zipo. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba anauza nakala "nzuri", usitarajie kitu cha kuweka kabatini kwenye kioo. Nakala ya wastani inaweza hata kukosa karatasi tupu za mwanzo na za mwisho mradi maandishi yote yapo, na iliyo duni inafaa kusomwa tu.

Kabla ya kupima hali, hakikisha unachokipima. Katika lugha yetu ya kila siku tunachanganya toleo na chapa. Toleo ni maandishi yalivyopangwa. Chapa ni kila mara mitambo inapowashwa kutoa nakala zaidi za mpangilio uleule. Mkusanyaji anaposema "toleo la kwanza" kwa kawaida anamaanisha chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, na hiyo peke yake. Sasa fungua ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, palipoandikwa haki za kunakili. Riwaya hii, ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kule Ukerewe, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na lililokuwa baadaye chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Kenya Literature Bureau iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Ukikuta jina hilo la pili kwenye kitabu chako, basi hata kama mwaka 1971 umeandikwa hapo kuwa mwaka wa kuchapwa mara ya kwanza, nakala uliyo nayo imechapwa baadaye. Mwaka mmoja ukurasani hautoshi. Soma jina la mchapishaji, soma orodha ya miaka ya kuchapwa upya kama ipo, ndipo useme.

Tuseme jina ni lile la zamani na hakuna mwaka mwingine. Chagua asubuhi yenye mwanga mzuri, kaa karibu na dirisha lakini si juani, nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu hazihitajiki; vidole vyenye glavu havihisi karatasi, na ndivyo kurasa zinavyochanwa. Tandika kanga iliyokunjwa mezani na uweke vitambaa viwili vya kukunja kila upande, ili kitabu kinapofunguka jalada lipate pa kuegemea badala ya kulazwa wazi kama daftari. Vua lile gazeti taratibu. Simamisha kitabu wima na ukitazame kwa juu: je, kimesimama sawa, au kimeinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo? Kuinama huko hutokana na kusomwa sana au kupangwa vibaya, na ni kasoro ya kuandikwa. Tazama ncha zote nne za jalada, kisha juu na chini ya mgongo, mahali ambapo watu huvutia kitabu kwa kidole wanapokitoa rafuni. Umesema mgongo umepauka. Linganisha rangi yake na ya jalada la mbele. Kama tofauti ni kubwa, kitabu hicho kiliwahi kusimama mahali penye mwanga kwa muda mrefu kabla ya kuingia sandukuni.

Halafu hesabu kurasa. Nasema hesabu, si kupitisha jicho: namba moja baada ya nyingine hadi mwisho, pamoja na zile karatasi tupu. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana mnunuzi wa dakika mbili hakuifanya. Ukurasa mmoja ukikosekana, unafuu wote wa jalada na wino haufidii. Unapohesabu, chukua tochi ya simu na uielekeze kwa ubavu wa ukurasa, si kwa juu. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mikunjo, alama za kalamu zilizofutwa, viraka vya gundi, na ule mstari wa mawimbi unaoachwa na maji yaliyokauka. Kwetu huku ziwani mstari wa maji ni ugonjwa wa kawaida, kwani mabati yanavuja wakati wa masika na sanduku la bati lililowekwa sakafuni hutoa jasho kwa ndani. Pia nusa. Harufu ya ukungu ni kasoro, na harufu ya dagaa ni kasoro vilevile, wala usicheke, maana nimeletewa vitabu kutoka Kirumba ambavyo ningevitambua nikiwa nimefumba macho.

Utakutana na mgeni mwingine. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi na kuvamia taa usiku hunasa ndani ya vitabu vilivyo wazi, na kitabu kikifungwa hubaki hapo, bapa, na doa la kijivu pembeni. Usimkwangue kwa ukucha. Kama amekauka, brashi laini ya rangi itamwondoa. Kama amegandamana na karatasi, mwache na umwandike.

Sasa kipande cha gazeti. Ukikiinua utaona, karibu hakika, kivuli cha kahawia kwenye kurasa mbili zilizokuwa zimekikumbatia, chenye umbo lilelile la kipande, hadi mkunjo wake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa ambazo bado zina lignini, yaani ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu, na kadiri inavyozeeka hutoa asidi inayohamia kwenye karatasi jirani. Kivuli hicho hakitoki. Kitoe kipande leo, kiweke kwenye bahasha yake, na uandike kilikuwa ukurasa wa ngapi, kwa kuwa alichokiweka mwalimu ndani ya riwaya yake kinaweza kuwa na maana kwenu hata kama hakina bei. Gazeti lililovikwa nje nalo limefanya kazi hiyohiyo juu ya jalada, ingawa pia limezuia vumbi na mikwaruzo. Riwaya hii ilikatazwa kusomwa mashuleni ilipotoka, na mtu anaweza kushawishika kudhani kwamba mwalimu aliifunika kwa sababu hiyo. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alivika vitabu vyake vyote gazeti, kama walivyofanya walimu wetu wengi. Angalia vingine vilivyomo sandukuni kabla ya kuusimulia mkasa huo kwa mnunuzi.

Kuhusu selotepu ninaungama kosa langu. Nikiwa kijana nilibandika selotepu kwenye mgongo wa riwaya niliyoipenda, nikajiona fundi. Baada ya miaka kadhaa plastiki ilibanduka yenyewe ikadondoka kama gamba, lakini gundi ilikuwa imeshazama, na karatasi ikawa ya manjano na yenye kung'aa kama iliyofungiwa maandazi ya moto. Kwa hiyo usiibandue. Ukivuta, tabaka la juu la jalada litafuata, na kasoro moja itakuwa mbili. Mtaalamu wa kuhifadhi karatasi anaweza kuilegeza kwa joto au kwa vimiminika maalumu. Wewe na mimi tuandike tu urefu wake kwa sentimita na mahali ilipo.

Jina la baba ni kasoro ndogo sana, na wakusanyaji wengi hawalijali likiwa limeandikwa vizuri mahali pake. Usilifute. Ufutio utakwangua karatasi na kuacha tundu la mwanga ambalo litamfanya kila mnunuzi ajiulize kilichofichwa ni nini. Kinachoshusha hali zaidi ni mhuri. Chunguza kama kuna mhuri wa shule au wa maktaba, mfuko wa kadi uliobandikwa nyuma, au namba iliyoandikwa mgongoni. Nakala iliyotoka maktaba lazima itajwe hivyo daima, hata ikiwa inang'aa. Na kama mhuri haukufutwa rasmi, jiridhisheni kwanza kwamba kitabu ni chenu kabla ya kuzungumzia bei.

Sasa nimrudie kaka yako. Jalada jipya litakifanya kitabu kipendeze machoni na kukiondolea sehemu kubwa ya kile anachokitafuta mkusanyaji, yaani kitu kilekile kilichotoka kiwandani mwaka ule. Fundi wa mtaani, kwa nia njema kabisa, atatupa jalada la zamani, atapaka gundi nene mgongoni, kisha atazipeleka kurasa kwenye mashine ya kukatia ili kingo zilingane. Milimita tatu zikikatwa hazirudi. Kitabu kilichochakaa kikiwa na jalada lake kinaweza kutengenezwa baadaye na mjuzi, kilichokatwa kimekatwa. Ukitaka kukilinda, kitengenezee boksi la karatasi ngumu kwa kipimo chake, ukikiviringishia ndani karatasi nyeupe safi. Usikivike nailoni yenye gundi ile tunayoweka kwenye vitabu vya watoto.

Mwisho wa uchunguzi andika maelezo, na uyaandike kama mtu anayemsimulia asiyekiona. Yako, kama uliyonieleza ni kamili na kurasa zikithibitika, yangekuwa takriban hivi: "Chapa ya kwanza, 1971. Kurasa zote zipo, zimehesabiwa. Mgongo umepauka. Selotepu ya zamani ya sentimita kadhaa inashika jalada, gundi imeacha rangi. Jina la mmiliki kwa wino wa buluu ukurasa wa mwanzo. Kivuli cha kahawia cha kipande cha gazeti kwenye kurasa mbili za katikati. Hakuna mhuri. Hali: nzuri." Neno la hali linakuja mwisho, baada ya ushahidi, na mtu yeyote anaweza kulipinga kwa kutazama yaliyotangulia. Selotepu hiyo inakuzuia kupanda hadi "nzuri sana", na sitakufariji kwa kusema vinginevyo.

Bei sitaitaja, kwa sababu sijakiona kitabu. Nitakuambia tu kwamba ukitafuta bei za kulinganisha, tazama nakala zilizouzwa, si zile zinazotangazwa, kwani kutangaza hakumgharimu mtu chochote. Na mpelekee mnunuzi wako maelezo hayo kwa maandishi, umwombe aseme ni sentensi gani anayoikataa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina riwaya za Kiswahili za miaka ya 1960 na 1970, na baadhi zimetokea vidoadoa vya rangi ya kutu. Nyingine ina vitundu vidogo vinavyopita kurasa kadhaa. Mume wangu anataka apulize dawa ya mende rafu nzima. Je, madoa haya yanashusha hali kiasi gani?
Mama wa Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba, mama. Mzuie mzee asipulize. Dawa ya kupuliza huacha mafuta na madoa kwenye karatasi, na haimfikii funza aliyemo ndani.

Vile vidoadoa na vile vitundu ni mashauri mawili. Vidoadoa husababishwa na ukungu, na pia chembe za chuma zilizobaki kwenye karatasi tangu kiwandani. Wataalamu bado wanajadiliana kipi kinatangulia, lakini wote wanakubaliana kwamba unyevu ndio unaovichochea. Hewa ikipita kiwango cha unyevu cha takriban asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu, ukungu hupata makao, na nyumba iliyo karibu na maji haihitaji kusubiri masika. Vidoa vichache kwenye kingo au karatasi tupu za mwanzo havimtishi mkusanyaji. Vikienea juu ya maandishi ukurasa kwa ukurasa, nakala hushuka ngazi nzima. Usivipake jiki wala limau. Sogeza rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite, usibane vitabu, na usivifungie kwenye mifuko ya plastiki kwa kukaa, maana unyevu uliomo utabaki humo.

Vitundu ni kazi ya viluwiluwi vya mbawakawa. Weka karatasi nyeupe chini ya kitabu na ukigongegonge taratibu: ukiona unga mpya umedondoka kesho tena, mdudu yu hai. Njia wanayoitumia wahifadhi ni baridi. Kitabu kinawekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, kinaingizwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kinatolewa na kuachwa bila kufunguliwa kwa siku nzima, ili jasho la baridi lifanyike nje ya mfuko na si juu ya jalada. Hapo ndipo mfuko hufunguliwa. Umeme ukikatika siku mbili, anza kuhesabu upya. Na kama friza ni ya sato, weka mifuko miwili. Katika maelezo ya kitabu, taja idadi ya kurasa zilizotobolewa na kama tundu limekula herufi. Tundu la pembezoni na tundu la katikati ya neno havilingani kabisa.

SWALI: Nina nakala ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe yenye maneno kwamba ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1958. Jalada ni la karatasi laini, na lina namba moja ya mfululizo. Rafiki yangu anasema nimepata utajiri. Je, ni toleo la kwanza, na hali yake naipimaje kwa kuwa haina kava la nje?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Rafiki yako apunguze mwendo. Toleo la kwanza lilitolewa na Heinemann, London, mwezi Juni mwaka 1958, likiwa na jalada gumu na kava la karatasi linalovaa juu yake. Yako ni ya African Writers Series, mfululizo ulioanza mwaka 1962 kwa kitabu hichohicho kikiwa namba moja, na mwaka 1958 ulioandikwa ndani ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa riwaya, si kwa nakala yako. Namba moja hiyo ilichapwa upya mara nyingi, kwa hiyo tazama kama kuna miaka mingine ya kuchapwa upya iliyoorodheshwa baada ya 1962. Ikiwa hakuna, bado unacho kitu cha kutunzwa.

Hukupoteza kava la nje. Nakala za jalada laini za mfululizo huo hazikuwa nalo. Lakini kwa kuwa umeuliza, jua kwamba kwa riwaya za karne ya 20 zenye jalada gumu, kava hilo la karatasi hubeba sehemu kubwa ya thamani, hata kuliko kitabu chenyewe, kwa sababu wasomaji wengi walilitupa. Ndiyo maana wauzaji hupima vitu viwili kando na kuviandika kwa mkwaju (/) katikati, hali ya kitabu kwanza, ya kava pili. Siku utakayouziwa kitabu chenye kava, fungua pindo la ndani uone kama kona yenye bei imekatwa, kisha linganisha kupauka: kama mgongo wa kava umepauka na mgongo wa kitabu chini yake pia umepauka vilevile, jiulize kava lilikuwa wapi miaka hiyo yote. Huenda limeazimwa kutoka nakala nyingine, au ni la kunakiliwa kwa mashine. Muuzaji akiulizwa hana budi kusema, nawe uliza kabla ya kutuma pesa.